Pua ya Kukodi

Meneja alisema: Nyanzobe, vua koti jeupe,
kuna wageni hoteli ya Isamilo wanataka pua.
Pua tu. Mdomo utafuata nyuma.

Miaka kumi na tisa nimenusa mashavu ya sangara pale Igogo,
alfajiri, miguu ndani ya buti, barafu ikinila vidole,
neno moja kwa kila samaki: huyu ndiyo, huyu hapana.
Mume wangu Lubango husema hata usingizini nanusa.

Basi nikapanda kilima.

Meza ndefu, glasi zenye miguu ya korongo,
nje majabali yamebebana mgongoni kama kawaida yao,
na ziwa, kule chini, kimya kama mtu anayesikiliza bei.
Mvinyo umetoka Jojia. Si ule wa Dodoma tunaoujua,
tulioutia soda kwenye harusi ya Sayi.
Huu una pasipoti.
Mwenye mali, Zurabu, kipara, mpole, mikono ya mkulima,
akatugawia karatasi: rangi, harufu, ladha, mkia.
Chini yake matunda ya kuchagua: cheri, plamu, beri za aina nne.
Sijapata kuonana na cheri. Sikumwandika.

Halafu ndoo. Onja, tema, akasema.
Bibi yangu, kule Magu, funda la kwanza la pombe alilitemea kizingitini,
la waliotangulia, na la pili akalimeza kwa niaba yao.
Mimi nilitema mara sita kwenye bati
nisijue namtemea nani.

Wa kwanza: jicho limejaa, halijazama. Nikampa alama nzuri.
Wa pili: mwembamba, ana haraka, dagaa wa usiku wa mbalamwezi.
Wa tatu wote walimsifu. Bwana mmoja wa benki alifumba macho.
Mimi nikasikia gunia lililolowa,
lile la stoo ya barafu, kona ya nyuma.
Nikaandika: hapana.
Zurabu akanusa, akanusa tena,
akakitazama kizibo kama mtoto aliyemwaibisha ugenini,
akaiondoa chupa mezani bila neno.
Bwana wa benki akafumbua macho.

Wa nne alikuwa na rangi ya chai iliyolala.
Amekulia, alisema Zurabu, ndani ya mtungi uliozikwa hadi shingo,
na nikamwamini kabla mkalimani hajamaliza,
maana udongo uliolowa hauhitaji mkalimani:
mtungi, moshi kidogo,
na mbali, mbali sana, michembe juani juu ya jabali.

Wa tano mweusi.
Nilikuwa nimesimama, nikakaa.
Kalamu ikaandika: furu.

Furu ni nini? akauliza.
Tunda, akajibu mkalimani, kijana wa Tabora,
jeusi, la porini, ukila meno yanakusema.
Samaki, akasema Magesa mhudumu, wa Ukerewe, trei mkononi,
mdogo, miba mingi, mtamu,
alijaa humu ziwani kabla sangara hajamla.
Wakabishana juu ya kichwa changu,
kila mmoja na furu wake mdomoni.

Sangara. Yule ninayemnusa kwa mshahara.

Zurabu akaningoja.
Nikaizungusha glasi, nikanusa tena: nina miaka sita,
vidole vyeusi, tunarudi kutoka mnadani,
kikapu cha mama kimejaa, matunda juu, samaki chini,
jani la mgomba katikati, limechanika.
Nikamwambia: andika tu.

Akaandika kwa herufi zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu,
akatia daftari mfuko wa nyuma, akalikalia.

Wa sita simkumbuki.

Malipo elfu arobaini,
na robo chupa iliyobaki ya yule wa tano.
Nyumbani Lubango alimimina kwenye kikombe cha chai,
akaonja, akatafuna kidogo kama mtu aliyepata mwiba.
Kuna kitu humu, akasema.
Kinaitwaje vile.